Malalamiko Dhidi ya Mmea Wako Uliozaa na Mmea Wangu

Kutoka kwa Mwandika Mabango,
Karakana yenye maua mlangoni, mtaa wa chini.

Kwa Fundi Cherehani,
Nyumba ya geti la bluu, mtaa wa juu.

Ndugu Fundi,

KUHUSU: MMEA WAKO KUUZALISHA MMEA WANGU BILA IDHINI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na cherehani yako. Mimi ni mzima kiasi, ila mkono wa kulia unatetemeka kwa hasira, na mkono huo ndio unaonilisha. Jana nilimwandikia mteja "MBWA MKALI" kwa herufi zilizotikisika hadi akaniambia mbwa mwenyewe ataonekana ana homa.

Kabla sijaanza naomba tuelewane. Barua hii haimhusu binti yangu. Ni kweli aliolewa na kijana wako miaka miwili iliyopita nami sikuhudhuria. Ni kweli anaishi uani kwako, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na ni kweli hajakanyaga kwangu tangu siku ile wala mimi sijamwita. Hayo ni mengine. Hapa nazungumzia maua.

Mmea wangu unaufahamu, ule unaotambaa kutoka mlango wa karakana hadi juu ya paa, wenye maua marefu ya rangi ya chungwa yaliyo kama tarumbeta. Kwa miaka kumi na minne umechanua bila kuzaa hata ganda moja la mbegu. Uliishi kwa heshima zake. Sasa una maganda manne, kila moja refu kuliko kidole changu cha kati, na kila anayepita anasimama kuyatazama. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mwaka jana niliamua mmea uzae. Sababu ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuandika ubao usemao "MBEGU ZA MAUA ZINAPATIKANA HAPA" na kuutundika. Najua mtu mwenye akili zake angetafuta mbegu kwanza. Lakini mimi nimeandika mabango miaka thelathini na tano, na kwangu neno likishakauka rangi huwa ni kweli, kazi inabaki kwa dunia kulifuata. Watu wakaja kuulizia. Nikawa nawaambia njooni wiki ijayo, hadi watoto wa mtaani wakaanza kuniamkia "Shikamoo Mzee Wiki Ijayo."

2. Nilifuata taratibu zote. Nilisoma kwamba chavua, ule unga wa manjano ulio ndani ya ua, lazima itoke kwenye mmea mwingine ndipo mbegu ziingie. Nikafurahi, maana miaka ya nyuma niliwagawia majirani tisa vipande vya mmea wangu, wakapanda, vikashika, vikachanua. Maua ya kinyozi, maua ya muuza magazeti, maua ya mkunga mstaafu, yote tunayajua, yamekulia mtaa mmoja, hayana siri. Kila asubuhi nilipita mlango kwa mlango na brashi yangu namba mbili, ile ya kuandikia herufi ndogo, nikikusanya chavua na kuja kuipaka kwangu. Ndani ya ua, pale panapopokea, pana kidomo chenye midomo miwili. Ukikigusa kwa brashi kinafumba polepole, kama mtu aliyekubali ila anaona haya. Kila kilipofumba nilijipongeza kwa sauti. Siku ya tatu au ya nne ua zima lilikuwa chini. Nilihesabu maua mia moja na kumi na saba, nikayafagia mwenyewe kabla watu hawajatoka kwenda kazini.

3. Mpangaji wangu wa chumba cha nyuma ni mwalimu mstaafu wa baiolojia. Alinitazama msimu mzima bila kusema kitu, jambo ambalo nalo nitamwandikia barua yake. Nilipomuuliza, akanieleza kwamba mimea yote tisa ni huo huo mmea wangu. Kipande ukikikata ukakipanda hakiwi mtoto, kinabaki kuwa mwenyewe, na mmea wa namna hii huikataa chavua yake. Akasema nilikuwa namwozesha mtu kivuli chake. Halafu alicheka hadi akaomba kiti. Alipopata pumzi akaniambia mmea wangu unataka mgeni, mmea uliotoka mbali usio na udugu nao, na kwamba mgeni wa hivyo mjini hapa ni mmoja tu: ule uliopanda kwenye uzio wako, aliokuja nao mkeo kutoka kwao akiwa ameubeba ndani ya kopo la rangi. Nikamuuliza kama hakuna namna ya kuushauri mmea wangu ubadili mawazo. Akasema hauna masikio.

4. Hapa ndipo maji yaliponifika shingoni, kwa sababu msimamo wangu unaujua. Wazee wako walipokuja kumposa binti, niliwaacha barazani saa nzima nikijifanya napaka rangi ubao ambao ulikuwa umekauka tangu juzi yake. Kisha nikawatokea na brashi mkononi nikawaambia hatuwajui, hatujui mmetoka wapi, na kwamba binti yangu ataolewa na mtoto wa dada yangu, kwa kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mzee wenu mmoja akanishukuru kwa kumjulisha mapema kwamba mpwa wangu ni zimwi. Majirani tisa walikuwa madirishani na wote walisikia. Mpwa wangu naye alikwenda wiki iliyofuata kumshukuru binti kwa kumkataa, lakini hilo ni la ndani na halikuhusu.

Sasa fikiria hali yangu. Mmea wangu mwenyewe, juu ya mlango wangu mwenyewe, umewakataa ndugu zake tisa mbele ya watu, ukaenda kuzaa na wa kwenu. Nimeandika mabango ya nusu ya mji huu, na la kunisuta mimi nimeandikiwa na mmea. Watu wanayatazama maganda, kisha wananitazama mimi, kisha wanaendelea na safari. Hawasemi neno. Afadhali wangesema.

5. Waliotenda kitendo chenyewe ni ndege. Wale chozi wadogo wenye mdomo mrefu uliopinda wanaamkia kwako kunyonya maua, halafu wanakuja kwangu na chavua vichwani kana kwamba wametumwa. Niliwaandikia ubao: "NDEGE WA MTAA WA JUU HAWARUHUSIWI." Niliuandika kwa rangi nyekundu, ya mafuta, nikaipaka mara mbili. Wanaupenda sana. Wanatua juu yake kupumzika.

6. Kwa hiyo nadai, Ndugu Fundi, na naomba dai hili ulisome ukiwa umekaa. Mmea wako umezaa na mmea wangu bila kutuma mtu, bila kujitambulisha. Katika nyumba yenye adabu jambo hilo haliachwi hivi hivi. Nadai wewe, mkeo na wazee wale wale mje kwangu, mkae sebuleni na siyo barazani, mnieleze mmetoka wapi na huo mmea wenu umetoka wapi. Nitasikiliza hadi mwisho. Viti nimeshavipaka rangi na vimekauka kweli, safari hii nimegusa. Kijana wako aje, kwa kuwa mmea ni wa nyumba yenu naye ni wa nyumba hiyo. Na mkewe aje naye, kama shahidi tu, maana aliumwagilia mmea huu tangu ana miaka saba hadi asubuhi aliyoondoka, na tabia zake anazijua kuliko mimi. Tangu hapo naumwagilia mwenyewe. Mara nyingi nasahau kwamba nimekwisha kuumwagilia, naumwagilia tena, kwa sababu hakuna mtu ndani wa kuniambia, Baba, tayari.

Msipofika ndani ya wiki mbili nitalazimika kuchukua hatua kali, ambayo nitakujulisha nikishaijua.

Nisalimie mkeo, na umwambie mmea wake una afya nzuri kuliko nilivyotaka. Wasalimie wazee wote, hasa yule wa zimwi. Msalimie kijana wako. Nasikia friji ya kinyozi aliyoitengeneza inagandisha vizuri, na hilo nalisema bila upendeleo. Wasalimie wapangaji, wateja, na mtu mwingine yeyote anayeishi uani kwako ambaye sikumtaja.

Ni mimi, mwenye kudai haki yangu kwa heshima zote,

Mwandika Mabango

Tanbihi: Nimeirudia barua hii kabla ya kuifunga na naona kuna sehemu haikukaa sawa. Ndege hawana hatia. Chavua niliichukua mimi.

Nilikuja kwenye uzio wako mchana wa Alhamisi, siku unayopeleka nguo kwa wateja, nikiwa na brashi na kiberiti kitupu cha kuhifadhia. Maua yako yako juu na mimi ni mfupi. Niliruka mara mbili, mtu mzima wa miaka sitini na moja, suruali ikapasuka, na siwezi kukuletea uishone. Nilipotua mara ya pili nikamwona binti yangu upande wa pili, anaanika nguo, ananitazama. Nikamwambia nakagua uzio. Hakucheka. Aliweka beseni chini, akalivuta tawi, akaliinamisha upande wangu na kulishika kwa mikono miwili mpaka nikamaliza kukung'uta chavua. Ilichukua muda, maana nilikuwa sioni vizuri. Kisha akaniuliza kama alivyokuwa akiniuliza kila mchana akiwa kwangu: "Baba, umekula?" Nikamjibu nimekula, nimeshiba, nikaondoka mbio.

Tafadhali mwambie sikuwa nimekula.