Mfuko wa Nyuzi Hautoki Humu

Jumatatu, 3 Juni
Shemeji kapiga simu. Jumamosi anakuja kuchukua mfuko wa mabaki ya nyuzi za marehemu dada yake, awapelekee wenzake wa kikundi. Eti zinaozea kwangu bure. Nikamjibu haraka kwamba nazitumia mwenyewe, nafuma blanketi. Akasema haya, tutaliona hilo blanketi. Sijawahi kushika sindano ya kufumia. Lakini mfuko ukitoka, mke wangu atakuwa amebaki wapi humu ndani? Miaka thelathini nimetengeneza saa. Uzi hautanishinda.

Jumanne, 4 Juni
Maelekezo ya kufuma yanauzwa dukani. Mimi ninunue karatasi? Nimeingia kama mteja, nikafungua kijitabu, nikakariri mistari miwili, nikatoka nje kuiandika kiganjani. Nikarudi. Nikatoka. Safari ya nne jasho lilikuwa limefuta yote. Muuzaji akachana ukurasa akanipa bure, akasema mzee nenda kapumzike, na pole kwa msiba. Ushindi! Ila ile pole iliniharibia njia nzima.

Alhamisi, 6 Juni
Siku mbili nafuma. Blanketi limetoka pembe tatu. Kinyozi jirani kauliza kama ni soksi ya mbuzi. Mwenye wivu ajinyonge. Tatizo si ufundi, ni mabaki yenyewe: vipande havizidi urefu wa mkono. Naviunga kwa kibanio cha saa, fundo juu ya fundo.

Ijumaa, 7 Juni
Mungu hamtupi mja wake. Chini kabisa ya mfuko nimekuta kitu cha kijivu kilichofumwa nusu: mgongo, kifua, mkono mmoja, shingo hakuna. Bila shaka kilimshinda akakitupia humo. Nimekifumua chote, tangu mchana mpaka jioni. Madonge manane! Nilikuwa napiga mluzi. Sikuwa nimepiga mluzi tangu tumzike.

Jumamosi, 8 Juni
Shemeji kaja. Blanketi hakulitazama. Alizamisha mkono mpaka chini ya mfuko, akapapasa, akauliza sweta liko wapi. Sweta gani? Lako, akasema. Dada yake alilifuma hospitalini, mikono ikitetemeka, akamwomba yeye alimalizie kwa siri. Habari ya kikundi ilikuwa uongo wa kulitoa humu nisijue. Nikamwonyesha madonge. Akavuta uzi kidogo. Umejikunja mawimbi mawimbi, kila kitanzi kimeacha alama yake. Akasema basi, angalau hapa mkono wake bado upo, shemeji, uache hivihivi. Tulilia wote wawili, kila mtu kwenye kiti chake. Chai ikapoa.

Jumapili, 9 Juni
Nimeamka na mpango. Sweta nitalifuma upya mwenyewe, shemeji atashika mdomo. Nimemgongea muuzaji nyumbani kwake, kanipa ukurasa mwingine bure ili niondoke. Mstari wa kwanza unasema uzi uwe umenyooka. Nimeyafungua madonge yote, nikauchovya uzi kwenye maji ya moto, nikauanika juani nimeufungia vyuma vizito vya saa ya ukutani. Kazi ya fundi hiyo. Sasa hivi umekauka. Nimeupitisha vidoleni wote, toka mwanzo hadi mwisho. Hauna hata alama moja.