Umaskini wa Babu Yangu Unalindwa kwa Sheria

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Kuhifadhi Mtaa wa Wafanyabiashara,

Mvua za mwezi wa sita zimetufikia, na natumaini mafaili yako hayajaota ukungu kama mikeka yangu.

Mimi ni Inagaki Tokuji wa nyumba ya saba kushoto, ile isiyo na udatsu. Nyumba nyingine zote zina vile vikuta vya vigae vilivyoinuka pembeni mwa paa, ambavyo matajiri wa zamani walijenga eti kuzuia moto, kumbe kuringishiana. Yangu haina, kwa kuwa babu wa babu yangu alijaza ghala miavuli ya karatasi mwaka ambao mvua iligoma. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kila siku saa nne asubuhi, Bi Hatsue, mwongoza wageni wako, anasimamisha kundi mlangoni pangu na kibendera chake cha njano. "Haya jamani, tazameni huku! Inagaki wa kale wa nyumba hii ndiye aliyefilisika. Miavuli, na jua lote lile! Akili gani hiyo?" Watu wanacheka. Mimi niko nyuma ya dirisha, nasikia kila neno, na chai yangu inapoa.

2. Niliomba kibali cha kujenga udatsu, hata mdogo tu. Mkajibu kwamba sura ya nyumba haibadilishwi. Kumbe umaskini wetu nao unalindwa kwa sheria! Nikajenga wa maboksi, nikaupaka rangi vizuri. Wakaja watu wako watatu na ngazi kuushusha, na chai yangu wakanywa.

3. Jirani yangu Kurokawa, mwenye udatsu mbili, juzi kaniambia, "Usijali, bwana Tokuji, hata nyumba yako ina uzuri wake." Sijawahi kutukanwa vile.

4. Kwa hiyo naomba udatsu zote za mtaa zishushwe tuwe sawa. Kama ni vigumu, wekeni kibao kisemacho kwamba babu alitabiri mvua sawasawa, ila mvua yenyewe ilichelewa. Hilo nalo likishindikana, Bi Hatsue apigwe marufuku kusimama kwangu.

Wasalimie wote hapo ofisini, hasa yule bwana wa ngazi. Kofia yake ninayo.

Wako mtiifu,
Inagaki Tokuji

Tanbihi: Kabla ya kuiposti barua hii nilimsomea Bi Hatsue, kwa kumkomoa tu. Leo ni siku ya nne anapita upande wa pili wa njia, kimya, kibendera kimeshuka. Saa nne inanikuta nimeshafagia kizingiti, nimevaa shati safi, na hakuna anayesimama. Tangu mke wangu afariki, hakuna mwingine aliyekuwa akilitaja jina la Inagaki mlangoni hapa. Nimeumia, mheshimiwa. Tafadhali futa namba moja hadi nne, umwambie arudi amcheke babu. Na asihofu wageni kulowa. Miavuli bado ipo, ghala zima.