Fundi Wangu Amekuwa Ndugu Yangu, Naomba Serikali Iniokoe

Karibu na soko la Kibuye,
Kisumu.
Jumatano, 7 Novemba 1973

Kwa Bwana Afisa wa Kazi.

Bwana Mheshimiwa,

Natumaini u mzima wewe na nyumba yako, na kama una ndugu, natumaini ni wale tu uliozaliwa nao.

Mimi ni Laban Shitanda, mwenye kibanda cha mabati. Tunatengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, na tunarekebisha karabai, zile taa za kupampu ambazo wavuvi huwasha ziwani kuita omena, wale dagaa. Nikisema tunatengeneza, nina maana kwamba Obeid anatengeneza na mimi ninapokea pesa. Kila mtu na kipaji chake.

Obeid ni mwajiriwa wangu. Hilo ndilo ninaloomba ulitamke kwa maandishi, upige na muhuri, kabla ya Jumamosi. Kwa nini Jumamosi nitaeleza mbele, maana nikianzia mwisho utafikiri nina wazimu.

Sitaficha kwamba mtu huyu ni fundi. Karabai iliyokufa Luanda Kotieno, wakaihangaikia pwani nzima ikakataa, ikifika mikononi mwake inaamka. Anaitegea sikio, anaisikiliza inavyopumua, anasema, "Tundu limeziba," au, "Hii imetiwa mafuta yenye maji," na huwa ni kweli. Wavuvi wakija hawaniulizi mimi. Wananipita nimesimama mlangoni na tai shingoni, wanasema, "Omera Obeid yuko?" Omera kwa Kijaluo ni ndugu.

Sasa mtu kama huyo lazima siku moja ajijue. Mwaka wa kwanza nilimlipa. Kidogo, lakini nilimlipa. Mwaka wa pili alikuja mbele yangu, akavua kofia yake, akasema, "Mzee Laban, mkono mtupu haulambwi. Nyumba ni ya kupanga na watoto wanataka kula. Niongezee." Mtu mbaya angemfukuza. Lakini mimi ni mtu wa kanisa. Nilimwambia kwa upole, "Obeid, kwani wewe ni mfanyakazi hapa? Wewe ni ndugu yangu. Na undugu ni kufaana. Ndugu hawahesabiani." Akauliza, "Ndugu kabisa?" Nikamjibu, "Tumbo moja."

Bwana Afisa, neno hilo halikunigharimu hata senti, na kwa muda mrefu niliona nimevumbua dawa. Kila akigusia mshahara, ninamwita ndugu. Alipozidi kugusia, nilibadilisha kibao cha mlangoni kikasoma SHITANDA NA NDUGU. Rangi alinunua yeye, na kuandika aliandika yeye, maana ana mwandiko mzuri. Mwishowe hata ule mshahara mdogo niliuacha, nikawa ninampa ya sabuni tu. Hakulalamika. Hapo ndipo ningeshtuka, lakini nani hushtuka mambo yakimwendea vizuri? Alikuwa ameshaamua kuukubali undugu wangu, wote, pamoja na mifupa yake.

Malalamiko yangu ni haya.

1. CHAKULA. Siku ya kwanza alikuja kwangu mchana akaketi mezani. Nikamuuliza kuna nini kibandani. Akasema hakuna neno, mwajiriwa hula kazini lakini ndugu hula kwa ndugu yake. Tangu hapo mke wangu Nelima anamwita shemeji. Kesho yake shemeji akaja na mkewe, Zamzam, na watoto. Na kwa kuwa Obeid ni Mwislamu, asipochinja yeye hali, na Nelima ameapa kwamba shemeji yake hatalala njaa akiwa hai. Kwa hiyo kuku wa nyumba yangu hawachinjwi mpaka Obeid afike, aelekee kibla, amalize. Hilo ningelivumilia, nyama ni nyama. Lakini firigisi, Bwana Afisa! Kama umeoa upande wetu hunihitaji nikueleze. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Nimeila tangu nilipooa na hakuna aliyewahi kuigusa. Sasa inakwenda kwenye sahani ya Obeid, ati kwa sababu aliyechinja amechoka. Mimi ninapewa shingo.

2. MATANGA. Mjomba wangu alipofariki huko kwetu Malava, nilimwambia Obeid kwamba kibanda hakifungwi, wavuvi wanangoja taa zao. Akanitazama kama mtu aliyeona jambo la aibu, akafunga mlango, akapanda basi pamoja nami. Kule alilia kunishinda. Ninakubali, alilia vizuri. Akina mama walimshika mkono, wakampa kiti cha mbele na soda, na mimi mpwa wa marehemu nilisimama nyuma karibu na sufuria. Mchango ulipoitwa aliinuka akasema, "Laban atatoa kwa niaba yetu sisi sote." Watu wakapiga makofi. Mchango wa wawili ukatoka mfuko mmoja.

3. KARO. Binti yake Zeituni alikuja na barua ya shule, akanishika mkono kwa heshima, akaniita ami. Ami ni nani? Ami ni ndugu ya baba, na ndugu ya baba hulipa karo. Nililipa. Mtoto mwenyewe ana akili sana, hilo silaumu. Ninachosema ni kwamba koti langu la Jumapili na baiskeli yangu navyo vilifuata njia hiyohiyo, na hivyo havina akili yoyote.

4. (Hili mke wangu amelisoma akaniambia nilifute. Nimelifuta.)

5. AMRI. Haamrishiki tena. Mwezi uliopita mteja alikuwa akingoja karabai mbili na Obeid alikuwa akinywa chai. Nikampigia kelele kama ninavyopaswa kumpigia kelele mtu ninayemlipa. Akasema ndugu haamrishwi, ndugu anaombwa. Nikaongeza sauti. Siku tatu baadaye mama yangu mzazi, Nabututu, mwanamke asiyependa safari hata ya kanisani, alishuka basi hapa Kisumu na mwavuli wake kuja kuniuliza kwa nini ninamtukana mtoto wake. Kumbe Obeid alikuwa amemtengenezea sanduku la bati lenye jina lake kwa maua, na taa ya kando ya kitanda. Mama amesema mbele ya wateja kwamba miongoni mwa watoto wake wote ni huyu mmoja tu aliyewahi kumletea kitu alichokitengeneza kwa mikono. Nilimkumbusha kwamba hakumzaa. Akanijibu kwamba mimi alinizaa, na nimemletea nini?

Usidhani nimekaa nikipiga mayowe tu. Nimejitahidi. Nilimwandikia Obeid barua ya kumfukuza kazi. Alimpelekea mama, na mama akawashia nayo moto wa uji. Ndipo nikafanya jambo ambalo sikuwahi kufikiri nitalifanya nikiwa na akili timamu: nilimpa mshahara. Nilizitia noti kwenye bahasha, nikaandika jina lake, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Alizirudisha! Alisema, "Laban, unanitukana? Tangu lini ndugu akamlipa ndugu?" Jirani walikuwa wakisikiliza. Nimeonekana mtu mbaya kwa sababu ya kulipa, mimi ambaye sikuwahi kuonekana mbaya kwa sababu ya kutolipa.

Usiku na mchana nimewaza, Bwana Afisa, na nimefikia elimu ambayo ningependa uitangaze redioni. Mshahara ni ukuta. Mtu uliyemlipa haki yake jioni hunawa mikono, akasema kwaheri, akaenda kwake. Haulizi mama yako ameamkaje. Hajui kuku wako wako wangapi. Mkikutana kwenye matanga, anakupa pole anakwenda zake. Usipomlipa, ukuta hakuna, na yeye ataingia na kiti chake. Mimi niliuona mshahara wa fundi kama mzigo, kumbe ulikuwa ndio mlango wa nyumba yangu, na nimeuuza mwenyewe kwa neno moja tamu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Wala si mimi peke yangu niliye hatarini. Kule Awasi kuna mwenye cherehani ambaye mafundi wake wote anawaita "watoto wangu", na anawalipa kama watoto, yaani peremende. Ahero kuna mwenye karakana ya baiskeli anayesema, "Hapa sisi ni familia." Maskini wa Mungu! Hawajui familia ni nini. Itungwe sheria kwamba hakuna tajiri atakayemwita mfanyakazi wake ndugu, mwana au jamaa kabla hajamlipa mshahara unaolingana na ujuzi wake. Baada ya hapo amwite apendavyo, hata shangazi.

6. URITHI. Sasa tumefika Jumamosi. Baba yangu ni marehemu, na mama ameita wazee wa ukoo wakutane Malava tarehe kumi kugawa mali kwa wanawe. Mali ni shamba, na pia kibanda hiki, kwa sababu kilianzishwa kwa fedha ya ng'ombe wa baba. Siku zote mama alikuwa na mwana mmoja wa kiume, ndiye mimi. Mwaliko uliokuja juzi unasema "wanangu wawili". Unaona sasa? Mtu niliyekataa kumwongezea shilingi chache atanichukulia nusu ya kibanda, nusu ya shamba, na nusu ya mama.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili tu. Kwanza, nipe amri ya serikali kwamba Obeid ni mwajiriwa wangu na nilazimishwe kumlipa mshahara kamili wa fundi, kila mwezi, atake asitake. Nilazimishe kwa nguvu, sitapinga. Pili, amri hiyo ianze Jumatatu ijayo na isirudi nyuma hata siku moja. Miaka iliyopita ibaki ilivyokuwa, miaka ya mapenzi ya kindugu.

Nisalimie karani wako, tarishi, askari wa langoni, na yule mama anayewauzia mandazi hapo nje, maana nilipokuja mara ya kwanza kuulizia ofisi alinielekeza vizuri. Nelima anawasalimu. Zamzam na Zeituni wako hapa mezani, wanawasalimu pia. Obeid anasema nikuulize kama ofisi yako ina karabai mbovu, atakutengenezea bila malipo kwa kuwa anasikia wewe ni rafiki yangu.

Ninabaki, kwa unyenyekevu na kwa haraka kubwa,

Laban Shitanda,
Mwenye SHITANDA NA NDUGU (neno la mwisho lisihesabiwe)

Nyongeza, Jumatatu, 12 Novemba. Bwana Mheshimiwa, barua hii ilichelewa kwa sababu kabla ya kuitia posta nilimwonyesha jirani yangu Khaemba, ambaye ni karani wa wakili. Aliisoma mpaka mwisho, akaniambia kwamba serikali haina mfanyakazi wa kuanzia Jumatatu. Ikitamka kwamba mtu ni mfanyakazi, basi ni mfanyakazi tangu siku aliyoshika nyundo, na yote ya nyuma yanalipwa. Akanipigia hesabu kwenye karatasi ya sigara. Nilikaa chini. Deni lilikuwa kubwa kuliko kibanda, shamba na mimi mwenyewe.

Kwa hiyo juzi Jumamosi nilisimama mbele ya wazee wa ukoo nikaapa kwamba Obeid ni ndugu yangu, tumbo moja, na hajawahi kuwa mfanyakazi wangu hata kwa saa moja. Nilitoa na machozi. Wazee walifurahi mno, wakaandika, tukatia vidole gumba sote wawili. Ndipo mzee mmoja akauliza ni nani kati yetu alitangulia kutahiriwa, maana kwetu ukubwa huhesabiwa kwa tohara. Ni Obeid, kwa miaka sita. Basi kwa kuwa kibanda hakigawanyiki, kimewekwa chini ya mkono wa kaka mkubwa, na mimi mdogo nimeagizwa nimsaidie.

Leo nimeanza kazi. Nimeshinda nikikunja mabati na kupampu karabai, vidole vimechanika vyote, na kazi hii, Bwana Afisa, ni ngumu! Hakuna aliyewahi kuniambia. Jioni nimemuuliza kaka Obeid, kwa heshima zote, mwisho wa mwezi nitapata nini. Amenitazama kwa mapenzi makubwa, akaniuliza kama nimeshakula.

Kwa hiyo naomba barua yangu usiitupe. Hoja zote zisimame palepale, badilisha majina tu: palipo na Obeid uniandike mimi, na palipo na mimi umwandike Obeid. Na lile ombi langu la pili, kwamba ya nyuma yasilipwe, nakusihi ulifute kwa wino mweusi, kwa sababu siku ya leo imeshapita na mimi nimeifanyia kazi.