Malalamiko Dhidi ya Kingamwili Isiyojua Kukataa

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,
Kiwanda cha Kingamwili za Maabara.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na sungura wako. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu katika maabara ya ubongo, chumba cha mwisho, kando ya friji inayonguruma. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa zilizobaki si nyingi.

Wiki sita zilizopita nilinunua kwenu kichupa cha kingamwili iliyotengenezwa ndani ya sungura. Kazi yake ni moja tu: kukitafuta kipokezi fulani, protini inayokaa juu ya seli za neva, na kukishika. Baada yake humiminwa kingamwili ya pili, nayo ya kiwanda chenu, yenye rangi ya kung'aa, ambayo huishika ile ya kwanza. Kwenye hadubini, penye kijani ndipo penye kipokezi. Ndivyo kinavyosema kijikaratasi chenu, nami nikakiamini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwenye ubongo wa panya, kingamwili yenu ilikiona kipokezi kila mahali. Mgeni siku mbili, nikasubiri ya tatu nimpe jembe.

2. Siku ya tatu nikaipa kipande cha ini, ambako kipokezi hiki hakijawahi kukanyaga. Ikakiona huko pia.

3. Tunao panya waliozaliwa bila kipokezi hicho, nao tunawatunza mahususi kwa ajili ya kuwanasa waongo. Waling'aa kama ukumbi wa harusi.

4. Dada wenu wa simu, mwenye sauti ya upole kweli, alinishauri niongeze dozi. Nikaongeza. Kikang'aa kioo kitupu kisicho na chembe ya nyama, pamoja na glavu yangu ya kushoto. Kama kingamwili yenu inasema kweli, glavu hiyo ndiyo ingestahili shahada.

5. Vichupa vyenu vyote vinafanana kama mapacha, na herufi za lebo zimeandikwa kwa ajili ya macho ya sisimizi. Mtu mzima anabaki kuokota cha kwanza anachokigusa.

6. Hili ndilo linaloniuma. Shangazi yangu, fundi cherehani aliyenilea, ameanza kusahau. Juzi aliweka mkasi ndani ya sufuria, akautafuta kutwa nzima. Kipokezi hiki ni miongoni mwa vinavyoshukiwa kuleta usahaulifu huo, ndiyo maana nilikichagua. Kila Jumapili huniuliza kama nimekiona. Swali hilo bado halijamtoka. Nilipomwambia nakiona kila mahali, akasema basi niache kutafuta, nije tule. Nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikalia.

Ijumaa nakaa mbele ya jopo. Nisipokuwa na picha safi, msimamizi wangu amesema utafiti utafungwa nami nitahamia kuosha chupa. Kwa hiyo nadai mkipokee kichupa chenu, mniandikie barua ya kukiri kosa, na sungura aliyehusika asimamishwe kazi hadi atakapojitetea kwa maandishi.

Nisalimie mafundi, wafungashaji, dada wa simu, na sungura wote wasio na hatia.

Aliyevumilia vya kutosha,
Mteja wenu wa chumba cha mwisho.

Nakala: Msimamizi wangu.

Nyongeza baada ya kusaini: Nilipokuwa nakifungasha kichupa chenu ili nikirudishe, niliona utepe wa kiwandani bado umekizunguka kizibo. Hakijawahi kufunguliwa. Kwa wiki sita nimekuwa nikimimina kingamwili ya pili, nangoja kwa adabu, kisha namimina kingamwili ya pili. Ningeichana barua hii, lakini nakala ya msimamizi ilikwishamfikia, naye ameagiza itumwe hivi hivi, nyongeza ikiwemo.

Jana nilikifungua. Ubongo uling'aa kwenye mstari mmoja mwembamba, na wale panya wasio na kipokezi wakabaki giza totoro. Ijumaa naenda na picha. Tafadhali mrudisheni sungura kazini, kwa cheo kilekile, na mumwombe radhi kwa niaba yangu.

Picha nimempelekea shangazi. Aliitazama sana, akasema mshono umenyooka, kisha akaniuliza ni kitu gani. Nimemweleza upya tangu mwanzo, na sungura nikamtaja.