Abiria wa Mhezi Kunyimwa Njia ya Mizigo

Anaeli Mbwambo,
Mhezi, Same.
Desemba.

Ndugu Mkurugenzi,
Kampuni ya Reli Mezani,
Dar es Salaam.

YAH: RUFAA DHIDI YA KOMPYUTA YAKO

Nakusalimu, na kama umri wako ndio huo ninaoudhania, naipokea shikamoo yako mapema: marahaba. Huku hatujambo, mvua imenyesha na tangawizi inaendelea vizuri. Baada ya salamu, nina malalamiko.

Mimi ni baba yake Jenifer, mfanyakazi wako, yule aliyetengeneza mchezo wa kompyuta wa kuwafundisha vijana kazi ya kuongoza treni. Alinitumia kompyuta yenye mchezo huo akaniomba niujaribu, na kila nikiona kasoro niandike. Nami nimeandika, kila wiki, bila kukosa. Kwenye kioo kuna reli kuu inayopita Same kwenda Arusha. Jenifer, kwa mapenzi yake, ameongeza tawi dogo linalopanda mlima mpaka kwetu Mhezi, ambako kwa kweli hakuna reli wala dalili ya reli. Nilifurahi mno. Furaha iliisha nilipogundua kwamba tawi hilo ni la mizigo tu. Treni za abiria zinapita huko chini kama hazitujui. Kwa hiyo mimi huzibadilishia njia nikazipandisha huku, na hapo ndipo ugomvi wangu na kompyuta yako ulipoanzia.

1. Adabu. Kila nikiielekeza treni ya abiria Mhezi, kioo kinageuka chekundu na kuandika: KOSA. NJIA YA MIZIGO. RUDISHA TRENI. Hakuna shikamoo, hakuna "tafadhali mzee". Mimi ni mzee wa kanisa na nina wajukuu. Nimesimama mbele ya mahakimu wengi katika maisha yangu, na hakuna hata mmoja aliyenihukumu kabla sijakaa.

2. Maana ya mzigo. Maelekezo ya mchezo yanasema abiria ni mtu na mzigo ni kitu. Aliyeandika hivyo hajamwona Mpare akirudi nyumbani Desemba, na sukari, na mchele, na mabati, na godoro la mama yake. Ukimwondoa mwenyewe pale katikati, shehena haipungui.

Na kama ni mizigo, njia ya kuja kwangu inafanya kazi kupita kiasi. Jenifer ametuma blanketi, redio, masufuria, dawa ya kuchua mgongo wa mama yake, na hiyo kompyuta yenyewe. Vyote vimefika salama. Krismasi iliyopita mke wangu Justa alipika kama kawaida, akaweka na sahani ya Jenifer, tukala tukiitazama redio. Mzigo unafika Mhezi, Ndugu Mkurugenzi. Mtu hafiki. Hilo linaniuma, na nimeona niliandike wazi, maana kwenye kompyuta sikuona mahali pa kuliandika.

3. Saruji. Nimenyang'anywa alama kwa kuichelewesha treni ya saruji ili abiria wapande mlima kwanza. Ni kweli niliisimamisha, na kesho nitaisimamisha tena. Saruji haina mama anayechungulia njia.

4. Rufaa. Nimebonyeza kila kitufe na hakuna cha kukata rufaa. Makabila mengine hutusema kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ni uzushi, inategemea na kuku mwenyewe. Lakini hukumu isiyo na rufaa kwetu haiitwi hukumu, inaitwa matusi.

5. Msaragambo. Kompyuta ilidai kwamba jukwaa la stesheni ya Mhezi ni fupi, abiria hawawezi kushuka. Huku kwetu kitu cha umma kikiwa kifupi kinarefushwa kwa msaragambo, yaani kazi ya wote. Nikapiga baragumu. Watu wakaja na majembe na sururu, wakanikuta nimekaa na kompyuta. Jirani yangu Vitus, ambaye tuna kesi naye ya mpaka wa shamba, aliuliza achimbe upande gani wa kioo. Palizungumzwa habari ya kunitoza faini.

Ndipo Hedwiga, mjane wa hapa jirani, akauliza kama ile treni inaweza kumletea na mwanawe aliyeko Arusha. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Treni ikapanda. Vitus akaweka jembe chini akasema naye anayo ya kwake, ya kutoka Tanga. Basi ikawa zamu kwa zamu, mpaka kila mtu akawa na treni yake Mhezi, na foleni ya mizigo ikarudi nyuma hadi Same. Kompyuta ikaamuru kila mmoja airudishe ya kwake. Hakuna aliyekubali. Ikazimika. Kule kuzimika tunakuhesabu kuwa ni dharau kwa mkutano halali.

Kwa hiyo tunaomba njia zote za mizigo wapewe abiria, na mizigo ibebwe kichwani kama ilivyokuwa zamani. Mchezo ukisharekebishwa, serikali nayo ijenge reli ya kweli kwa kuufuata. Nataka kila kipengele kijibiwe peke yake, kwa maandishi. Sitafuta hata kimoja. Nikifa, wajukuu wataiendeleza kesi.

Wasalimie wote hapo ofisini, na mlinzi wa getini, na mama anayewapikia chai. Justa anawasalimu.

Wako katika kudai haki,

Anaeli Mbwambo,
kwa niaba ya waliokuja na majembe.

Nyongeza: Jenifer amepiga simu sasa hivi. Anasema likizo ya Krismasi mmempa, ila hawezi kuondoka mpaka malalamiko yote ya wanaojaribu mchezo yawe yamejibiwa, na kwamba yaliyobaki yote ni ya mzee mmoja wa Mhezi. Justa amesikia, na sahani yangu ameiondoa mezani. Kwa hiyo nafuta la kwanza hadi la tano, pamoja na yale ya kila wiki. Mchezo hauna kasoro. Abiria ni abiria na mzigo ni mzigo. Hii ni kesi ya kwanza kuifuta tangu nizaliwe. Vitus ameitwa kushuhudia, na ameweka saini baada ya kuisoma mara mbili. Barua naituma vilevile kwa kuwa karatasi imeshaandikwa.

Kompyuta nimeiwasha tena, treni zote za abiria nimezirudisha njia kuu, na saruji nimeisimamisha pembeni iwapishe. Jenifer ashuke hapo chini Same, nitakwenda kumpokea mwenyewe. Tafadhali mwachie. Na mwambie asilete kitu.