Viatu Vyangu vya Kaburini Viko Ukutani Kwenu

Kwa Ndugu Pang,
Mkurugenzi, Jumba la Sanaa la Lango la Mto.

YAH: VIATU VYANGU VYA KUZIKIWA MLIVYOVIBANDIKA KWENYE PICHA

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula, na magoti hayakuumi. Naitwa Diao Xiuqin, umri wangu miaka themanini na mitatu, mkulima wa mudan, yale maua makubwa kama kabichi ambayo watu wa mjini huja kupiga nayo picha kila Aprili na kutukanyagia miche. Sikukaa darasani hata siku moja. Barua hii naisema mimi, na anayeiandika ni jirani yangu mstaafu, Mwalimu Yuan, mwenye mwandiko mzuri na moyo wa kuku. Amekwisha kuniomba mara mbili niliondoe neno "wezi". Nimekubali kulisogeza mbele kidogo, utalikuta.

Msanii mnayemsifu kwamba ameoanisha Mashariki na Magharibi, yaani Nie Miaoyun, ni mjukuu wangu. Nimemlea tangu ana miezi kumi, wazazi wake wakiwa viwandani huko kusini. Hiyo Mashariki ni mimi. Magharibi ni miaka sita aliyokaa Ufaransa akila mkate mkavu. Kwa hiyo nina haki ya kusema, na malalamiko yangu ni haya.

1. Maua yenyewe. Katika picha hiyo mnayoiita Majira Manne kuna chombo kimoja cha kioo cha Kizungu, na ndani yake mmesongamana mudan za Aprili, yungiyungi za kiangazi, maua ya manjano ya wakati majani yanapopukutika, na maua ya plamu, ambayo huchanua theluji ikiwa bado juu ya paa. Nilimuuliza Miaoyun hiyo ni bustani ya wapi. Akasema, "Bibi, wachoraji wa kale wa Ulaya walifanya hivyo. Waliweka pamoja maua ambayo hayajawahi kukutana."

"Kama hayajawahi kukutana," nikamwambia, "nani aliyeyatambulisha?"

Mtu akijifunza kilimo kwa picha yenu atapanda mudan kwenye barafu, zitakufa, na lawama zitatujia sisi wakulima.

2. Picha haijaisha. Upande wa kulia rangi ya mafuta imerundikwa nene kama mchuzi wa maharage uliosahauliwa jikoni, na juu yake vipande vya hariri, nyuzi na karatasi ya dhahabu. Upande wa kushoto ni karatasi tupu, kijiti kimoja cha wino na jani lake. Mwalimu Yuan anasema ule utupu ni pumzi, ndivyo walivyochora mabingwa wetu wa zamani. Sawa. Siku nyingine akija kwangu nitamwekea bakuli tupu, avute pumzi.

3. Viatu. Hapa naomba ukae vizuri.

Siku ya ufunguzi nilikuja mwenyewe, saa tatu ndani ya basi, pamoja na jirani yangu Geng aliyetapika mara mbili. Sikualikwa, lakini tangu lini bibi akaalikwa kwa mjukuu wake? Nikafika mbele ya picha, na chini ya kile chombo, kati ya petali za hariri, nikaviona viatu vyangu. Nilivitambua kwa ncha ya kile cha kushoto, mahali uzi wa zambarau uliponiishia nikamalizia kwa wa buluu. Geng akanisomea kibao chenu: viatu vya arusi vya nyanya wa msanii.

Mimi niliolewa mwaka wa njaa, Ndugu Mkurugenzi. Niliolewa na viatu vya kuazima, na jioni ya siku ya pili nikavirudisha kwa mwenyewe.

Hivyo vyenu ni viatu vya kuzikiwa. Nimevishona kwa mkono wangu, kama kila mwanamke wa kijiji chetu anayejiheshimu, ili nisije nikaondoka na viatu vya dukani vilivyobandikwa kwa gundi. Mngevigeuza mngeona. Kwenye nyayo nimetarizi yungiyungi na ngazi, ili nijue pa kukanyaga nitakapokuwa napanda. Lakini nyayo ndizo mlizozigandisha. Ngazi yangu sasa inaelekea ndani ya ukuta wenu.

Nikanyoosha mkono. Mlinzi akaja.

"Bibi, usiguse."

"Nimevishona mimi."

"Kila bibi anayeingia humu husema hivyo."

"Basi waulize hao wengine kama nao walipanga kuzikwa navyo."

Nililisema hilo kwa sauti yangu ya shambani, sina nyingine. Miaoyun alikuwa kando na wageni wenye miwani mikubwa. Aligeuka, akanitazama, akavitazama viatu, na uso wake ukawa kama unga uliolowekwa. Mtoto hakujua. Mwaka jana nilimpa ufunguo wa sanduku langu la kitandani nikamwambia achukue mabaki ya hariri, na yeye alipoona kitu chenye rangi za furaha namna ile akadhani ni cha arusi. Yeye namsamehe. Ninyi wenye jumba, mliosoma mpaka mkaota mvi, mkaandika kibao bila kumuuliza mwenye miguu, ndio wezi. Haya Mwalimu Yuan, liandike hapo, na kwa wino mzito.

4. Maarusi. Geng huona kila kitu kwenye simu yake, na amenionyesha kwamba kila Jumamosi maarusi wanakuja kwenu na mashela yao kupiga picha mbele ya viatu vyangu, waombee ndoa ndefu. Wanaomba heri kwa viatu vya maiti. Sipendi kuwatisha watoto wa watu, lakini akiachika hata mmoja, asije kunililia mimi.

5. Siwezi kufa. Mimi nimekula chumvi nyingi, na kila kitu changu kilikuwa tayari. Nguo saba za safari zimekunjwa. Jeneza liko ghalani, kwa sasa nimelijazia mahindi. Vilivyobaki kutimia ni viatu, na viatu viko kwenu. Usiniambie nishone vingine, kwani nguo za safari hazishonwi ovyo kama shuka. Husubiriwa mwaka ambao kalenda yetu ina mwezi wa ziada, kwa sababu mwezi ule huongezwa kwenye umri wa mvaaji. Geng, ambaye nimemzidi miaka mitatu, viatu vyake vipo, na kila jioni hupita mlangoni kwangu kuniuliza kwa sauti ya huruma kama jumba limejibu. Unajua uzito wa huruma ya Geng? Hujui.

Kwa kuwa ninyi ndio mlionizuia kufa, basi maisha yangu kuanzia siku ya ufunguzi yako mikononi mwenu kisheria. Nakupa njia tatu.

Ya kwanza, mbandue viatu. Mafundi mnao.

Ya pili, kama mtasema havibanduki, mnikopeshe picha yote siku nitakapohitaji. Mwalimu Yuan amepima: picha yenu ina upana wa mita mbili na nusu, jeneza langu sentimita sabini. Itabidi mchimbe ninyi.

Ya tatu, mniwekee kiti mbele ya picha, chenye mto, na chai isiyokuwa ya vikombe vya karatasi, ili saa ikinikuta niwe karibu na viatu. Na mfungue Jumatatu. Kifo hakijui kwamba Jumatatu mnapumzika.

6. Mwalimu Yuan anasema hili la sita halilihusu jumba. Liandike.

Tangu siku ile Miaoyun hajakanyaga nyumbani. Anaona haya, amejiapiza hatanitazama usoni mpaka atakapopata namna ya kulipia. Badala yake hutuma vifurushi. Nimepokea mashine ya kukanda miguu, ambayo Geng aliikalia ikamng'ang'ania. Nimepokea mafuta ya samaki, nimempa paka. Siku ya mashindano ya mitumbwi nilimfungia wali wa kunata kwenye majani, wenye tende, jinsi anavyoupenda tangu hana meno. Nikaweka bakuli lake mezani. Hakuja. Ule wali uko kwenye friji mpaka leo, vipande kumi na vinane, na nikitaka kuhifadhi nyama sina pa kuiweka.

Nikampigia simu nikamwambia, "Njoo ule." Akasema, "Bibi, nimekuibia kifo chako, nitakulaje chakula chako?" Kisha akakata. Mjukuu aliyepata maneno mazito hivyo Ufaransa, angejifunza huko na njia ya kurudi nyumbani.

Kwa hiyo, mwanangu Mkurugenzi, maana umri wako nimeuuliza na nakuzidi miaka thelathini na moja, katika zile njia tatu uchague yoyote. Sharti langu ni moja. Viatu, au hata jibu tu, aniletee msanii mwenyewe, kwa mkono wake, si kwa kifurushi. Aje asubuhi, kabla hajala. Ninyi ndio wenye barua za mhuri, mwandikieni kwamba ni amri ya jumba. Mimi hanisikii, lakini mhuri atausikia, ndivyo walivyo waliosoma.

Nakusalimu wewe, mkeo na watoto. Msalimie yule mlinzi, mwambie mkono wake wa kulia unatetemeka, aache kunywa pombe kabla ya chakula. Msalimie binti wa mlangoni aliyempa Geng mfuko wa kutapikia. Wasalimie maarusi wote, nawaombea watoto wanene. Mwalimu Yuan naye anakusalimu na kuomba radhi kwa kila mstari.

Nimeweka dole gumba langu hapa chini kwa wino mwekundu. Ukiona limepinda, ni kwa sababu ya miaka arobaini ya jembe, si kwa hasira.

Diao Xiuqin

Baada ya kuandika: Mwalimu Yuan amekwenda kunywa maji, na huyu anayeniandikia sasa ni Geng, ambaye ameapa kufunga mdomo. Mwaka huu ndio wenye mwezi wa ziada, tuna mwezi wa sita mara mbili. Viatu vingine nimekwisha kushona, tangu wiki iliyopita, na ni vizuri kuliko vile, uzi wa zambarau umetosha. Lingine ni hili. Siku ile Miaoyun alipofungua sanduku nilikuwa nimesimama mlangoni na kikaango. Nilimwona akivitoa viatu. Alivishika juu dirishani, kwenye mwanga, akacheka peke yake kama alivyokuwa akicheka akiwa na miaka minne. Ningeweza kusema. Nilirudi jikoni nikageuza mayai. Basi vile vya ukutani mviache hapo hapo, na maarusi waendelee. Mnirudishie huyu mtoto tu.