Emuleta Tatu na Chura Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: sijawahi kuimaliza gemu ya Ngome. Hata hatua ya pili sijaiona. Kwenye hatua ya kwanza kuna chura anayerukaruka, na chura huyo ananishinda tangu niko darasa la sita.

Klabu ya kompyuta inaamini nimeimaliza mara mbili. Nilisema hivyo siku ya kwanza, kila mtu alipokuwa akijitambulisha nami sina la kusema. Tangu hapo naitwa Bingwa. Kabla ya hapo nilikuwa Kabati, kwa kunyamaza na kujaa vitabu.

Leo mwalimu wa kompyuta ametangaza: Ijumaa wazazi watatutembelea, na Bingwa atawaonyesha hatua ya mwisho. Mbele ya watu! Nimeitikia kwa kichwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa mjomba, fundi redio. Mashine yake ya gemu, niliyokuwa nikichezea, iliungua zamani, lakini aliwahi kuinakili Ngome kutoka kwenye kaseti yake. Amenipa nakala. Akaonya kwamba kompyuta haiwezi kuichezesha hivihivi, inahitaji emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye ile mashine ya zamani. Ziko nyingi. Nimeuliza ipi nzuri.

"Inategemea, mpwa wangu. Unataka uhalisi au unataka raha?"

Nimesema nataka Ijumaa ipite.

Emuleta ya kwanza inaiga mashine barabara, mpaka kasoro zake. Nimeiwasha kwenye kompyuta ya Mama, anayochorea na kuchapia vibao vya maduka. Feni ikanguruma kama inataka kupaa. Printa ikagoma katikati. Mama akauliza kwa nini mteja wake wa viatu anaandikiwa DUKA LA VIA. Nimesema ni umeme. Akasema umeme huo una vidole vyangu.

Chura ameniua mara thelathini na moja. Barabara kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Emuleta ya pili ni maridadi. Nimetumia saa nzima kuchagua rangi ya menyu. Zambarau. Chura hakujali. Ameniua.

Ya tatu ni nyepesi na ina sura mbaya. Muziki wake unasikika kama mtu anaimba ndani ya ndoo. Lakini ina hifadhi ya papo hapo! Unabonyeza kitufe, gemu inakumbuka palepale ulipo, hata ukiwa hewani. Ukifa, unarudi palepale. Gemu yenyewe inakuruhusu kuhifadhi ukifika kwenye kisima tu, na kisima cha kwanza kiko nyuma ya chura.

Naruka kidogo, nahifadhi. Naruka kidogo, nahifadhi. Chura nimempita! Nimesimama nikapiga makofi peke yangu. Visima vyote nimevipita bila kuvigusa. Vya nini?

Alhamisi, 6 Machi

Hifadhi mia nne na kumi na mbili. Niko mbele ya mlango wa mwisho. Kesho nafungua hapohapo, napiga mapigo matatu niliyoyakariri, nakaa.

Profesa, mwanachama anayesoma maelezo hata ya kwenye sabuni, ameniuliza natumia emuleta gani. Nimesema ya kawaida. Akasema hakuna ya kawaida, na kwamba yeye ataweka ile halisi kwenye kompyuta ya klabu, kwa heshima yangu. Nimetabasamu. Aweke apendavyo! Faili langu liko kwenye flashi, flashi iko mfukoni. Nimeishika siku nzima mpaka imelowa jasho.

Ijumaa, 7 Machi

Mama alikaa mstari wa mbele, na viatu vyake vya kutokea.

Nimechomeka flashi. Kompyuta ikasema hailitambui faili. Nimerudia. Hailitambui. Profesa akainama, akaninong'oneza kwamba hifadhi ya papo hapo ya emuleta moja haifunguki kwenye nyingine. Inayohama ni ile ya kisimani tu. Akauliza, kwa imani kabisa, kama ya kisimani ninayo.

Mwalimu akafurahi: basi Bingwa aanze mwanzo, tuone maajabu yote!

Sekunde kumi na moja. Chura.

Mzazi mmoja akauliza kama hiyo ndiyo hatua ya mwisho. Nikajaribu tena. Sekunde tisa. Sauti ikatoka nyuma: "Kumbe bingwa wa kufa!"

Profesa akasimama. Akasema kosa ni lake, hakuniuliza kabla ya kubadilisha emuleta, huenda vitufe vinachelewa. Mwalimu akamgombeza mbele ya wazazi, akamnyang'anya ufunguo wa chumba cha kompyuta aliokuwa akiutunza. Profesa alikuwa akilia bila sauti. Nikafungua mdomo niseme kweli. Nikasema ndiyo, vitufe vinachelewa.

Njiani Mama aliuliza kama yule ndiye chura wa kwenye kompyuta yake. Nimesema wanafanana.

Jumamosi, 8 Machi

Profesa amekuja nyumbani. Nimejifungia chooni mpaka Mama akaniita kwa jina langu lote.

Hakuja kugomba. Amekuja kuniomba msamaha. Mimi! Kisha, macho yakiwa chini, akasema naye hajawahi kumpita yule chura. Anajidai kujua emuleta ili watu wasimwambie acheze.

"Nifundishe, Bingwa. Kwako sitaona haya."

Mama alikuwa mlangoni, ananitazama. Hakuna aliyekuwa akinicheka. Ningeweza kusema kweli kwa maneno mawili tu, na tungecheka wote, na Jumatatu ningemwendea mwalimu, ufunguo ungerudi.

Nimemwambia chura ni rahisi ukimzoea. Aje kesho saa tisa.

Ameondoka anachekelea. Mama ametikisa kichwa na kwenda zake. Nimeketi kwenye kompyuta, nikatafuta emuleta inayopunguza kasi ya gemu bila aliyekaa kando yako kugundua. Nimepata mbili. Nimeanza kupakua iliyo nyepesi.